Miezi saba kwenye kompyuta kuu ya utafiti: foleni ndefu, GPU za kutosha na tiketi moja iliyoniokoa

Naanza na jibu kabisa maana najua wengi mnasoma mistari ya juu tu kisha mnaondoka: nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoitoa ina sababu, ilinilia saa 768 za GPU kwa siku moja (saa moja ya GPU ni chipu moja ya kupiga hesabu nyingi kwa pamoja ikitumika saa moja) na nitaeleza ilivyokuwa.

Huduma ninayoizungumzia ni ile ya kutumia kompyuta kuu ya pamoja, zile zinazowekwa kwenye vituo vya utafiti, unaandika ombi, wataalamu wanalipitia, wakikubali unapewa saa kadhaa bila kulipa na unaingia kwa intaneti kutoka popote ulipo. Kituo chenyewe sikitaji, nimeongea na watu wanaotumia vituo vingine na mambo ni yale yale, kwa hiyo chukueni haya kama maelezo ya huduma yenyewe.

Mimi nafanya uigaji wa molekuli. Kuna kimeng'enya fulani cha bakteria, kile kinachovunja antibiotiki kabla haijafanya kazi yake, sasa sisi tunakiweka ndani ya boksi la maji, sio maji ya kweli, ya kwenye kompyuta, jumla atomu kama 250,000 hivi, halafu tunapiga hesabu kila atomu inavutwa na nani, inasukumwa na nani na inaenda wapi, hatua kwa hatua, na kila hatua ni femtosekunde 2. Femtosekunde ni hivi, chukua sekunde moja uigawe vipande milioni, halafu kila kipande ukigawe tena vipande bilioni. Kwa hiyo ili upate nanosekunde moja tu lazima upige hatua 500,000. Laptop yangu ikiachiwa hiyo kazi peke yake, feni ikilia usiku kucha, inatoa nanosekunde 1 kwa siku. Na mimi nilikuwa nataka maikrosekunde 10. Hizo ni nanosekunde 10,000, yaani siku 10,000, miaka 27 na ushee. Basi ndo nikaomba.

Kuomba sio kugumu kama watu wanavyotishana. Unaeleza swali lako la kisayansi, programu utakayotumia (mimi natumia GROMACS, ni ya bure, ilianzia Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi) na saa unazohitaji. Nikapewa saa 10,000 za GPU. Akaunti ikafunguliwa ndani ya wiki, nikatengeneza funguo zangu za kuingilia, nikaingia. Hapo usitegemee vitufe vya kubofya wala picha, ni skrini nyeusi na maandishi, Linux tupu, yaani mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 za kwenye TOP500, orodha ya kompyuta zenye kasi zaidi duniani, zinaendeshwa kwa Linux, kwa hiyo kama terminali unaiogopa jifunze kwanza kabla hujaomba, wiki mbili za mazoezi zinatosha kabisa.

Mashine yenyewe sio kati ya yale madude ya kwenye habari. Mnayasikia, El Capitan ya maabara ya Lawrence Livermore huko California iliyokamata namba moja Novemba 2024 kwa eksaflopu 1.742, na Frontier ya Oak Ridge, Tennessee, ambayo mwaka 2022 ndo ilikuwa ya kwanza kwenye orodha hiyo kuvuka eksaflopu moja, yaani hesabu bilioni bilioni kwa kila sekunde, ina nodi (kompyuta moja moja zilizounganishwa pamoja) zaidi ya 9,400 na kila nodi ina GPU 4. Yangu ni ndogo mno ukiilinganisha na hizo, nodi mia kadhaa tu, kila nodi nayo GPU 4. Kwa mtu aliyetoka kwenye laptop ilikuwa inatosha na kubaki.

Sasa foleni.

Huwezi kuingia ukaanza kuhesabu. Unaandika skripti ndogo inayosema nataka nodi ngapi, kwa saa ngapi, kazi ni hii, unaituma, halafu programu ya kupanga foleni (kwetu ni Slurm, vituo vingi wanatumia hiyo hiyo) inakuweka kwenye mstari na watu wengine wote. Ukiangalia kazi yako utaona herufi mbili, PD, maana yake bado inasubiri. Hizo herufi nilizitazama siku nne mfululizo. Asubuhi PD, mchana PD, naamka usiku kunywa maji napitia kwenye simu, PD. Mwanzoni nilikasirika kweli nikajua nimeonewa, ila baadaye nikaelewa kosa ni langu, nilikuwa nimeomba nodi 8 kwa saa 24 nzima kwa mara moja, na ili mashine ikupe nodi 8 lazima isubiri nodi 8 ziwe wazi kwa wakati mmoja. Huo muda inapozisubiri zinabaki nafasi ndogo ndogo, na hizo nafasi wanapewa wenye kazi fupi, waliotuma nyuma yako lakini wameomba nodi moja kwa saa mbili. Sio kwamba wamekuruka, kazi zao zitaisha kabla zamu yako haijafika, hawakucheleweshi hata dakika. Ukishalijua hilo unaanza kuomba kwa akili, kama kazi inachukua saa tano omba sita, usiombe 24 kwa uoga. Kitu kingine ni kwamba ukitumia sana wiki hii kipaumbele chako kinashuka wiki inayofuata ili wengine nao wapate, na mimi hilo nalikubali moja kwa moja, ni haki.

Siku ya tano PD ikageuka R, inakimbia. Aisee nilifurahi. Nikaiacha.

Hapa ndo nyota yangu moja ilipopotelea. Kila nodi ina diski yake ndogo ya ndani, ina kasi sana, na mwongozo wa kituo unashauri uandikie matokeo humo ili usiisumbue diski kubwa ya pamoja. Nikafuata. Mwisho wa skripti nikaweka mstari wa kunakili kila kitu kutoka diski ya ndani kwenda kwenye folda yangu. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeomba saa 24 na uigaji haukuisha ndani ya saa 24, sasa ikifika 24 kamili mfumo hauulizi, unakata kazi pale pale ilipo, ule mstari wa mwisho wa kunakili haukufikiwa kabisa, na diski ya ndani inafutwa kazi ikiisha ili anayefuata aikute safi. Nilipofungua folda yangu nikakuta faili moja tu, logi, na mstari wa mwisho unasema kazi imesitishwa kwa sababu muda umeisha. Hakuna kingine. Nodi 8 mara GPU 4 mara saa 24 ni 768. Hizo saa zimekatwa kwenye akaunti yangu na mkononi sina hata picha moja ya kimeng'enya.

Onyo la kwamba diski ya ndani inafutwa lipo kwenye mwongozo, sikatai. Lakini lipo ukurasa mwingine kabisa, mbali na pale wanapokushauri uitumie, na mtu mgeni hawezi kujua kwamba hizo kurasa mbili zinahusiana. Sentensi moja tu ingewekwa pale pale ingeniokoa, na sio mimi peke yangu, nilipouliza nikaambiwa kila mwaka kuna wageni wanaoangukia hapo. Sasa kama mnajua kila mwaka watu wanaangukia hapo, kwanini sentensi haijaongezwa? Hilo ndo lilinikera mpaka leo.

Nikaandika tiketi kwa watu wa msaada. Niliandika kwa hasira kidogo, nikaomba nirudishiwe saa zangu. Kesho yake akajibu dada mmoja, na jibu lake ndo sababu hii huduma naipa nne badala ya mbili. Saa hakunirudishia, akasema utaratibu hauruhusu kwa kosa la mtumiaji. Ila alikuwa amefungua logi yangu akaisoma yote, na akauliza swali moja: "Ndugu, kwa GPU moja tu ulishapima unapata ngapi kwa siku?"

Sikuwa nimepima. Akili yangu ilikuwa inaniambia kompyuta kuu maana yake chukua nodi nyingi upendavyo na kazi itakwenda haraka kwa kiasi hicho hicho. Akaniambia nipime kwa kazi fupi za dakika kumi kumi, nikapima, namba ni hizi. GPU moja, nanosekunde 50 kwa siku. Nodi nzima yenye GPU 4, 110. Nodi 2, 135. Nodi 4, 140. Nodi 8, ndo zile nilizosubiri siku nne, 120. Soma tena hapo mwisho, kwa nodi 8 ilikuwa inakwenda polepole kuliko kwa nodi 2! Manahodha wengi chombo huenda mrama, mimi nilikuwa nausikia tu huo usemi, siku hiyo nikauona kwa tarakimu.

Sababu yake dada alinieleza vizuri, na naileta hapa kwa sababu naona watu wengi wanaosifia kompyuta kuu hawaigusi. Kwa nanosekunde 140 kwa siku, hatua moja inachukua kama milisekunde 1.2 tu. Ndani ya hizo milisekunde kila GPU lazima ipige hesabu ya atomu zake, iwatumie majirani habari za atomu zilizo mpakani, halafu kuna ile sehemu ya nguvu za umeme za masafa marefu ambapo kila mmoja inabidi abadilishane data na karibu kila mwenzake. Ukigawa atomu 250,000 kwa GPU 32, kila moja inabaki na atomu kama 7,800, hizo inazimaliza mara moja halafu inakaa kusubiri barua za wenzake. Unalipia GPU 32 na nyingi zinasubiri posta. Gene Amdahl, mtaalamu wa kompyuta, alishalisema jambo la namna hii mwaka 1967, kwamba ile sehemu ya kazi isiyogawanyika ndo inayokuwekea kikomo: kama asilimia 5 tu ya kazi yako haigawanyiki, hata ukipewa prosesa milioni hutazidi kasi ya mara 20.

Halafu akanishauri kitu ambacho kilibadilisha utafiti wangu wote. Kwamba badala ya kukimbiza uigaji mmoja mrefu kwenye nodi nyingi, nianzishe 20 zinazojitegemea, kila moja kwenye GPU yake moja, kimeng'enya kile kile lakini kasi za mwanzo za atomu tofauti, kila moja ifike nanosekunde 500. Hazihitaji kuongea, kwa hiyo hakuna anayemsubiri mwenzake. Ishirini mara 500 ni 10,000, maikrosekunde 10 zangu zile zile. Kila moja siku 10, nikaikata vipande vya saa 24 vinavyopokezana, na kila kipande kinanakili faili kwenye folda ya kudumu kila baada ya saa moja. Na kwa sababu kila kipande kinaomba GPU moja tu, foleni ikawa haizidi saa chache. Jumla saa 4,800 za GPU, na mpaka zote zinakamilika ilikuwa wiki tatu. Kutoka miaka 27.

Na sio muda tu. Kwenye kimeng'enya hiki kuna kitanzi kidogo karibu na mfuko ambao dawa inaingia, swali letu lilikuwa je, kinafunguka au kinakaa kimefunga. Kwenye zile 20, kilifunguka kwenye 6. Niliiangalia moja kwa karibu, fremu kwa fremu, kitanzi kinatikisika muda mrefu kama hakina habari, halafu molekuli moja ya maji inajipenyeza chini yake, inakaa pale, na ndani ya nanosekunde mbili kitanzi kizima kimenyanyuka. Nilirudia kuitazama mara nyingi sana. Kwenye nyingine 14 hakikufunguka kabisa. Sasa fikiria ningeendesha moja tu kama nilivyotaka mwanzo, ningeangukia upande mmoja tu na ningeandika kwa ujasiri kabisa kwamba kinafunguka, au kwamba hakifunguki, na pande zote mbili ningekuwa nimekosea. Tena wale wanaotumia hii mbinu kila siku wanasema hata 20 ni chache, nami nakubali.

Ndo maana nikisoma zile namba kubwa za eksaflopu siku hizi nazisoma kwa utaratibu. Kipimo kinachopanga TOP500 kinaitwa Linpack, ni kutatua mfumo mkubwa sana wa milinganyo, kazi ambayo GPU zinaipenda. Kuna kipimo kingine, HPCG, ambacho kinafanana zaidi na kazi za kuhangaika na data kutoka huku kwenda kule, na huko Frontier inapata petaflopu 14 tu (petaflopu 1,000 ndo eksaflopu moja), karibu asilimia 1 ya namba yake ile kubwa. Fugaku ya Kobe, Japani, kwenye Linpack ni petaflopu 442, haifiki nusu ya Frontier, lakini kwenye HPCG inapata 16 na inaipita. Na Anton, mashine iliyojengwa na D. E. Shaw Research kwa kazi moja tu ya uigaji wa molekuli, mwaka 2010 walitoa uigaji wa protini ndogo uliofika milisekunde nzima, mara mia ya jumla yangu yote, kwa sababu chipu zake zilichongwa kwa hesabu hiyo na mawasiliano hayo.

Sisemi makubwa hayana kazi, yana kazi ambazo huwezi kuzikata vipande 20 vinavyojitegemea. Mwaka 2020 timu ya Rommie Amaro wa San Diego iliiga ganda zima la kirusi cha korona kwenye Summit, kompyuta kuu nyingine ya Oak Ridge, atomu milioni 305, hapo huna namna, lazima zote ziwe ndani ya boksi moja. Fugaku ilitumika kuonyesha matone ya mate yanavyosambaa ndani ya treni na ofisini mtu akikohoa au akiongea. Na kwa tabianchi kuna SCREAM, modeli iliyoendeshwa kwenye Frontier ikiwa na vijisanduku vya kilometa 3.25 dunia nzima, wakati tumezoea modeli za vijisanduku vya kilometa 100 hivi, ambapo wingu la mvua ya radi halionekani kabisa linakadiriwa tu kwa fomula. Hiyo inapiga zaidi ya mwaka mmoja wa hali ya hewa kwa siku moja ya mashine. Mwaka 2023 wakapewa tuzo ya Gordon Bell ya tabianchi na kwa maoni yangu walistahili kabisa.

Kuhusu kuhifadhi data. Kituo changu kinafuta faili zozote kwenye diski kubwa ambazo hazijaguswa siku 30, wanatuma barua pepe wiki moja kabla, hilo ni sawa na wanaeleza wazi. Wewe tu usiione ile diski kama kabati lako. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto kilipoteza terabaiti 77 za watafiti wake kwa sababu skripti ya kuhifadhi nakala ilikuwa na kasoro ikafuta faili zenyewe. Watu waliofanya kila kitu sawa. Mimi kila Ijumaa nashusha matokeo ya wiki kwenye diski mbili tofauti, inachukua kama saa mbili na nitaendelea hivyo.

Umeme nao niutaje kidogo kwa sababu saa hizi ni za bure kwetu lakini kuna mtu anazilipia. Frontier ikikimbia kwa nguvu zote inakula zaidi ya megawati 20. LUMI, kompyuta kuu iliyoko Kajaani, Finland, inatumia umeme wa maji na joto lake linapelekwa kupasha nyumba za mjini, nikilisoma hilo huwa nafarijika. Ndo maana zile saa 768 bado zinaniuma, hazikuwa namba kwenye akaunti tu, ulikuwa umeme wa kweli na zamu ya mtu mwingine ambaye labda kazi yake ilikuwa imekaa sawa kuliko yangu.

Kama kazi yako inaingia kwenye kompyuta moja nzuri yenye GPU moja na unaweza kusubiri wiki, usiombe, utapoteza muda kwenye foleni na kujifunza mfumo bila faida. Kama una hesabu hiyo hiyo ya kurudia mara mia kwa mabadiliko madogo madogo, omba leo. Na kama una tatizo moja kubwa lisilogawanyika, omba pia, ila pima kwanza kwa GPU moja, nodi moja, nodi mbili, mpaka uone inapoanza kurudi nyuma, na ukikwama andikia watu wa msaada mapema, usisubiri mpaka uwe na hasira kama mimi.

Ombi langu la pili nimelituma juzi, saa 15,000, nataka kuongeza uigaji 40 zaidi ili ile 6 kati ya 20 niijue vizuri. Safari hii ukurasa wa kwanza kabisa nimeweka jedwali: 50, 110, 135, 140, 120. Na chini ya jina langu nimeongeza mstari wa kumshukuru yule dada wa tiketi, nikamwomba pia ile sentensi ya diski ya ndani waiweke pale pale.